Bishoo na Moshi wa Alhamisi

Alhamisi, 7 Agosti 2025

Wiki mbili na ushei tu. Halafu Tanga nzima itajua Shadya ni nani!

Kwa sasa wananijua kwa kurudi rivasi. "Yule mwalimu wa udereva, mkali yule, ukigusa pipa unarudia." Leo nimefundisha wanne. Mmoja mfanyabiashara wa mbao, mtu mzima, anakanyaga klachi kama anaua nge. Nikamwambia taratibu, baba, klachi haijakukosea. Akacheka, akaua nge mwingine.

Jioni gereji kwa Tahiri, Mabawa. Tahiri ni mtoto wa mama mkubwa na ndiye fundi wetu. Loveness ndiye mshika saa, mbeba chakula na msema ukweli. Mimi dereva. Timu nzima imeishia hapo. Na Bishoo, bila shaka—jeupe, dogo, la Kijapani, linanikaribia umri. Tulimpa jina hilo kwa sababu hapendi vumbi na akioshwa anaendesheka vizuri zaidi. Tahiri anakataa kwamba kuosha kunasaidia. Mimi najua ninachojua.

Barabara nimeshaihifadhi. Shamba la mkonge la zamani, upande wa Pongwe, lami iliyochakaa, kona kumi na moja. Hakuna kukimbizana. Unatoka peke yako, wewe na saa. Jumamosi ya tarehe ishirini na tatu mchujo, kesho yake fainali kwa sita bora. Mwenye muda mdogo kuliko wote ndiye bingwa. Basi. Napenda mashindano yasiyo na maneno mengi.

Kabla ya magharibi nikampeleka Bishoo nyumbani kwa moshi wake. Kila Alhamisi, bila kukosa. Ndilo sharti la Mama.

Mwezi wa pili aliposikia nashindana hakugomba. Mama hagombi, anaficha. Nilipokuwa mdogo alikuwa anaficha kiatu kimoja ili nisitoke. Safari hii alificha ufunguo wa gari, wiki nzima, tukaukuta kwenye kopo la unga wa muhogo. Kisha akasema: utakwenda, lakini gari lipite kwenye moshi wangu kwanza, kama lori la baba yako. La sivyo radhi yangu usiihesabu.

Marehemu baba aliendesha lori la mizigo maisha yake yote, Tanga hadi Kigoma, na kila safari lilifukizwa. Boneti wazi, injini inanguruma, Mama na chetezo chake. Baba akafa kitandani, kwa sukari, Mama amemshika mkono. "Barabara haikumpata," husema. Hapo utamjibu nini?

Na udi wenyewe si wa dukani. Anaupika mwenyewe—sukari, udi, mafuta ya waridi na vingine ambavyo hata mimi hanitajii. Nusu ya mabibi harusi wa Mabawa wamefukizwa kwa udi wa Bi Sabiha, mama yangu. Leo, kwa mara ya kwanza, akaweka chetezo pale mbele kabisa, Bishoo anapovutia hewa. "Mwache avute," akasema. Akavuta! Mtaa mzima ukanukia.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, hakuna wanafunzi. Watu maonyeshoni, sisi Pongwe.

Bishoo anamisi.

Gia ya kwanza sawa, ya pili sawa, ya tatu ukikanyaga mafuta mpaka chini—koh, koh, koh, kama mzee na tumbaku yake. Ukiachia, anatulia. Ukikanyaga, anakohoa. Nimerudia mara nyingi mpaka Loveness akaweka saa mfukoni.

Tahiri kasikiliza, kichwa pembeni. Plagi, kasema. Kasema kwa uhakika sana, nami nikalala vizuri.

Jumapili, 10 Agosti

Si plagi.

Zimewekwa mpya zote nne. Anamisi vilevile, pengine zaidi. Tahiri akasema basi ni mafuta, tumeuziwa machafu. Tukayamwaga yote kwenye madumu. Yalikuwa masafi. Akasema basi ni koili. Tukabadilisha koili. Tukaiunganisha na ile mashine ya kupima—mashine ikasema gari zima halina kasoro! Tahiri akaikung'uta kidogo. Ikasema tena hivyo hivyo.

Loveness anafanya kazi duka la dawa na hawezi kukaa kimya mgonjwa anapotibiwa ovyo. Ati sisi tunampa mtu dawa ya macho, ikishindikana dawa ya minyoo, ikishindikana tunamkata mguu. Tahiri akamwambia ashike saa yake.

Mimi sina wasiwasi. Gari ni chuma, na chuma hakina siri. Tutalipata.

Jumatano, 13 Agosti

TUMELIPATA!

Pampu ya mafuta. Tahiri aliitoa jana usiku, leo kaweka nyingine. Alipokuwa humo kwenye injini akabadilisha na bomba zima la hewa, lile la zamani lilikuwa na ufa, hili kalitoa kwenye gari bovu la mteja aliyelitelekeza. Kazi ndogo ndogo tu, lakini pampu ndiyo iliyokuwa mchawi.

Saa tisa tulikuwa Pongwe. Nikatoka. Gia ya tatu—kimya! Si kimya, mngurumo, mngurumo mmoja mtamu usiokatika. Kona ya saba, ile yenye mtaro upande wa kulia, niliichukua bila kugusa breki. Mkonge ukawa ukuta wa kijani pande zote. Niliporudi Loveness alinionyesha saa tu. Dakika mbili na sekunde sita. Sijawahi!

Tahiri akacheza. Mtu mzima wa miaka thelathini na tano, ovaroli la grisi, anacheza peke yake katikati ya barabara huku anaimba "pampu, pampu". Loveness akamrekodi. Picha hiyo itatufaa siku akitaka kuoa.

Tanga, jiandae.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimechoka. Wanafunzi sita, mapipa matatu yamegongwa, moja limebondeka kabisa.

Moshi kama kawaida. Mama kaongeza udi kidogo, ati siku zinakaribia. Akaniuliza gari limepona? Nikamwambia limepona, Mama, sasa linaruka. Akafurahi mpaka akaongeza na mkaa.

Ijumaa, 15 Agosti

Anamisi.

Sijui niandike nini. Anamisi kuliko mwanzo. Gia ya tatu, na sasa hata ya pili. Nikapiga usukani kwa kiganja mpaka kikauma.

Tahiri akaitoa ile pampu, akaiweka juu ya meza, akaitazama muda mrefu kana kwamba imemtukania mama. Tahiri akinyamaza mimi ndipo ninapoogopa.

Sijasema naogopa. Sifuti, lakini sijasema.

Jumanne, 19 Agosti

Wageni wameanza kuingia. Rahimu, dereva wa ng'ambo ya mpaka, kavuka Horohoro jana na gari lake juu ya trela! Juu ya trela, kama maiti ya sultani. Jekundu, limeandikwa ubavuni mpaka halina nafasi. Ana mafundi watatu, wote wamevaa fulana sawa. Tukakutana nao pale mjini wanakula mishikaki.

Akanisalimu vizuri, akauliza, dadangu, na nyinyi mmekuja na nani? Nikamwambia sisi hatujaja, sisi tupo. Nyie ndio mmekuja. Wakacheka. Ni mtu mzuri, Rahimu. Nitamshinda bila chuki.

Pampu ya tatu imeingia. Bishoo kapata nafuu kidogo, si sana. Lakini nimegundua jambo, na hili nimeligundua mwenyewe bila Tahiri: kikohozi kinaanza pale injini inapopiga resi sana. Basi sifiki pale! Nabadilisha gia mapema, na kile ninachopoteza kwenye mstari ulionyooka nakirudisha kwenye kona. Siku zote nawaambia wanafunzi, mwendo si mguu, mwendo ni macho. Leo nimejifundisha mwenyewe na nimefaulu. Dakika mbili na sekunde kumi na moja, si sita, lakini ni kwa gari gonjwa. Nani mwingine angeweza?

Alhamisi, 21 Agosti

Leo Mama kanitoa machozi na sitaki mtu ajue.

Nilifika na Bishoo kabla ya magharibi. Majirani walikuwa wamejaa barazani, Mama kawaambia leo ni moshi mkubwa. Chetezo kile cha harusi, cha udongo, kikubwa. Akaenda ndani, akarudi na kopo dogo la bati, lile lenye picha ya biskuti. Nalijua. Liko chini ya kitanda chake tangu nimemaliza shule. Ni udi wa harusi yangu. Aliupika na nyanya yangu kabla nyanya hajafa, ukafungwa kwa nta, hauguswi.

Akaivunja nta kwa kisu, mbele ya watu wote.

Nikamwambia, Mama, na harusi je? Hakunitazama. Akasema, "Harusi itapata udi mwingine. Mie sina Shadya mwingine."

Akaumwaga wote, hakubakiza hata chembe. Injini inanguruma, boneti wazi, moshi mzito umepanda mpaka kwenye nyaya za umeme, majirani wanapiga vigelegele. Nilisimama kando nimeshika helmeti kama mjinga. Ninampenda Mama. Simwambii, lakini ninampenda mno.

Nikiwa na radhi kama ile nani atanishinda? Rahimu na trela lake?

Ijumaa, 22 Agosti

Ukaguzi baada ya swala. Breki sawa, mkanda sawa, kizimamoto sawa, helmeti sawa. Bila helmeti hutoki, hata uwe nani, kasema mkaguzi, na akatuonyesha kijana wa Arusha aliyerudishwa kwa ufa mdogo tu kwenye kofia yake.

Bishoo kapita ukaguzi. Halafu tukamjaribu, ikawa aibu. Hata kumtoa getini alikohoa. Mafundi wa Rahimu wakageuka wote watatu kwa pamoja, fulana sawasawa.

Loveness kasema jambo la kuchekesha. Ati, hivi nyie hamjaona? Ijumaa ya Nane Nane aliumwa. Ijumaa iliyopita aliumwa. Leo Ijumaa. Jumatano alikuwa mzima. Ijumaa kuna nini?

Tahiri akamjibu kwamba gari halina dini.

Tulicheka sana. Tulihitaji kucheka. Kesho nitaendesha kwa macho.

Jumamosi, 23 Agosti

Naandika haraka kabla sijasahau mpangilio wake. Ingawa sitausahau.

Magari kumi na manne. Kila mmoja mizunguko mitatu, unahesabiwa ule bora. Rahimu katoka mapema, dakika mbili na sekunde nne, watu wakapiga makofi, na mimi nikapiga, ilikuwa kazi safi. Zamu yangu—koh, koh, koh. Mbinu yangu ya gia haikufua dafu, kikohozi kimeshuka mpaka chini kabisa. Mzunguko wa kwanza, nikawa wa kumi na mbili. Wa pili, wa kumi na moja. Nilishuka nikasema kwa sauti, nimeshindwa kabla sijashindana. Loveness akaniambia nisiseme hivyo tena, na ninywe maji.

Tahiri alikuwa hasikii. Alikuwa amefungua bomba la hewa, kaingiza pua, na kabaki hapo hapo, haondoki. Nikamwuliza unafanya nini?

"Shadya. Hebu njoo unuse."

Nikanusa.

Wallahi, nilinusa harusi. Nilinusa chumba cha Mama, nguo zake za Idi, majirani barazani. Harufu ile ile, nzito, tamu, ndani ya bomba la gari.

Akachomoa sensa ya hewa. Ni kitu kidogo kama kidole, na ndani yake kuna waya mwembamba kuliko unywele. Huo waya ndio unaolipima gari hewa linayovuta, na kompyuta ikishajua hewa ndipo inapotoa mafuta. Kwetu chujio ni wavu tu, wa mashindano, hauzuii moshi. Waya ulikuwa umepakwa kitu cha rangi ya asali iliyoungua. Sukari. Sukari na mafuta ya waridi na vile vingine ambavyo Mama havitaji.

Hatukutazamana. Tahiri kasema polepole: lile bomba la Jumatano lilikuja na sensa yake. Safi. Mimi nikasema: na Alhamisi... Loveness hakusema "niliwaambia". Alifungua mfuko wake wa huduma ya kwanza, akatoa spiriti na pamba.

Tahiri akaufuta waya ule kama anafuta jicho la mtoto. Akaurudisha. Nikatoka mzunguko wa tatu.

Dakika mbili na sekunde tano! Wa nne! Wa nne kutoka wa kumi na moja! Na kona ya nne nilitanua kidogo, bado nina akiba. Kesho namchukua Rahimu. Hili si jambo la kuombea, hili ni hesabu.

Nilipiga kelele ndani ya helmeti mpaka masikio yakauma. Tahiri akanibeba. Halafu akanishusha, na sote watatu tukakumbuka kwa wakati mmoja.

Nani atamwambia Mama?

Nikamwambia Tahiri, wewe ndiye fundi. Akakataa katakata. Mchana anakula kwa Mama tangu afungue gereji. "Mie nitakula wapi?" Loveness kasema hili la mama na bintiye. Wamekuwa waoga ghafla, wote wawili.

Basi nikaenda kumwambia. Nikafika nyumbani, habari imeshanitangulia. Mama kapika pilau. Kanipokea mlangoni, kanishika uso kwa mikono miwili, hajanishika hivyo tangu msiba wa baba. "Wa nne! Mwanzo linakataa, halafu likaruka. Si nimesikia? Ule ni udi wa nyanya yako, mwanangu. Umefanya kazi."

Kinywa changu kilikuwa kimejaa pilau.

Halafu akasema kesho anakuja. Mama! Aliyesema hatakuja kuangalia hata kwa dawa, kwamba atakaa nyumbani na redio imezimwa. Anakuja, na chetezo anakuja nacho. Kaomba udi kidogo kwa wateja wake, kila mmoja kampa kipande alichokuwa amebakisha. Atalifukiza gari hapo hapo kabla sijatoka.

Nikameza. Nikasema sawa, Mama.

Nimepita kona kumi na moja kwa mwendo ule, sentensi moja imenishinda. Nitamwambia asubuhi. Akiwa hajavaa baibui, kabla ya chai.

Jumapili, 24 Agosti

Asubuhi. Alishatoka. Kaenda kuchagua mkaa! Mkaa mzuri, usiotoa cheche, kasema jirani. Nimemngoja, hakurudi, nimelazimika kuondoka. Nitamwambia Pongwe. Anga safi, upepo kidogo tu. Bishoo kaamka na mngurumo wa shaba. Hakuna gari litakalonishinda leo.

*

Shambani, ndani ya gari. Tuko kwenye foleni ya fainali. Kura imenipa nafasi ya mwisho, mbele yangu yupo Rahimu, na mbele yake wawili. Naandika kwa sababu mikono haitaki kukaa bure. Kitabu nimekiweka juu ya usukani.

Lililotokea sasa hivi.

Sheria ya foleni ni kwamba boneti ruhusa kufunguliwa ili injini ipoe, lakini spana ikigusa kitu chochote umetoka. Yaani Bishoo akivuta moshi sasa, hatuna namna ya kumsafisha. Tulikuwa tumesimama hivyo, boneti wazi, Loveness akasema "Anakuja." Mama. Baibui jeusi, chetezo mbele, moshi unamfuata, na wanawake wanne wa mtaani nyuma yake. Watu wanampisha njia. Hata mafundi wa Rahimu walimpisha, mmoja akamwambia shikamoo mama.

Nikashuka kumlaki. Nimefungua kinywa—na huku nyuma Tahiri, kwa woga wake, kavua fulana ya ndani akaisokomeza kwenye mdomo wa bomba la hewa. Tulikuwa hatujapanga. Nilimwona kwa jicho la pembeni. Ningeweza kusema hapo hapo. Sikusema. Nikafikiri, labda itapita.

Mama akasogea, akasema bismillahi, akaniambia niwashe. Nikawasha. Bishoo akaguna, akakabwa, akazima. Nikawasha tena. Akazima.

"Mbona havuti?"

Tahiri kaangalia mawingu. Mama akampa Loveness chetezo, akainama, akaingiza mkono wake wenye bangili, akatoa fulana. Akainyanyua juu. Chafu, ina tundu kwapani. "Hiki nini?"

Ndipo nikasema. Nimesema yote, kwa sauti ndogo, wale wanawake wasisikie, ingawa walisikia. Nikasema, Mama, hili si lori la baba. Lori la baba halikuwa na pua. Hili lina pua, waya mdogo sana, na udi wako unaugandia. Ndio uliokuwa unamkohoza. Jana tumemsafisha, ndipo akaruka.

Akauliza tangu lini. Nikasema tangu mwanzo. Akauliza tumejua lini. Nikasema jana mchana.

"Jana mchana. Na jana usiku umekula pilau yangu."

Nikasema ndiyo, Mama.

Akaikunja ile fulana vizuri, mara mbili, kama anavyokunja nguo safi, akampa Tahiri. Tahiri kaipokea kwa mikono miwili. Mama hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Akakitazama chetezo mikononi mwa Loveness, mkaa mwekundu, vipande vyote vile vya wateja wake bado havijawekwa, viko kwenye fundo la leso. Nikamwambia Mama nisamehe. Nikamwambia ukisema nisitoke, sitoki. Nimelisema na nililimaanisha, na niliposema hivyo niliona jinsi ninavyotaka kutoka kuliko kitu chochote duniani.

Mama akaufunika mdomo kwa ushungi. Akachukua chetezo. Halafu akainama dirishani kwangu, akachukua helmeti yangu juu ya kiti, akaiweka kwapani chini ya baibui, akaondoka nayo.

Kaondoka nayo! Hivi hivi, bila neno, katikati ya watu, wale wanawake wanne wakamfuata.

Loveness kataka kumkimbilia, nikamzuia. Nalijua hili. Kiatu kimoja. Ufunguo kwenye unga. Mama hagombi. Bila helmeti hutoki, hata uwe nani.

Wa kwanza kaondoka. Tahiri kafunga boneti, kaifunga polepole, ameweka kiganja juu yake hakiondoi. Kavaa fulana yake. Kaivaa juu ya ovaroli, hajui alifanyalo.

Nimewasha. Bishoo anavuta vizuri. Sindano imetulia, mngurumo ule ule wa Jumatano. Gari zima, dereva mzima, barabara naijua kwa macho yaliyofumbwa. Na kichwa kitupu!

Rahimu kashuka akaniletea helmeti ya akiba. Mtu mzuri. Nimeijaribu, inanicheza kichwani, mkaguzi kakataa kwa kidole tu. Rahimu karudi kwenye gari lake. Kasema, dadangu, pole, nilitaka kukushinda vizuri.

Wa pili kaondoka. Sasa ni Rahimu, halafu mimi. Mwenye bendera ananitazama, ananionyesha kichwa chake. Namwonyesha dakika moja. Hakuna dakika moja.

Silii. Ni vumbi.

Rahimu huyo, anapiga resi mstarini. Lile jekundu linanguruma vibaya, lakini sekunde zake nazijua, na—

Loveness kanigusa bega. Kanyoosha kidole, nyuma ya hema la chai, pale wale wanawake wanne wamesimama duara, wamewapa watu migongo, kanga zao wamezitandaza kama wanavyomzunguka bibi harusi. Katikati yao Mama kainama. Mkono mmoja hauonekani. Mwingine umeshika kitu cheupe, cha mviringo, amekigeuza mdomo chini.

Moshi unatoka. Mwembamba, halafu mzito.

Rahimu kaondoka. Bendera inanigeukia. Namwambia ngoja, kaka, ngoja, bado kidogo, Mama anaifukiza helmeti yangu—